Simu za ofisini zisizo na waya: kwa nini zinaita vizuri halafu sauti haisikiki

Ofisi nyingi za Tabora mjini, ziwe za vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, za hoteli au za shule binafsi, zimeanza kuiondoa ile simu ya mezani iliyofungwa kwa waya kwenye dawati la mapokezi na kuweka mahali pake simu ndogo ya kushika mkononi inayolala kwenye kikalio cha kuchajia. Maswali yamekuja pamoja nayo, na muuzaji dukani hayajibu yote. Je, simu hii inawekewa laini? Bando likiisha, itakata? Mhasibu akiondoka nayo kwenda nyumbani Ipuli, ataendelea kupokea simu za ofisi? Na swali linalosumbua kuliko yote: mbona inaita vizuri, mtu anapokea, halafu hasikii kitu?

Kabla ya kujibu moja moja, inafaa kusema jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Simu hizi zimeondolewa waya katika mita chache za mwisho tu, yaani kutoka mkononi mwa mtumiaji hadi kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani au darini. Nyuma ya kisanduku hicho kuna nyaya, swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, si ile ya taa), ruta inayoipeleka ofisi kwenye intaneti, na mtambo unaounganisha mazungumzo, na malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa simu yenyewe hutokana na hayo yaliyo nyuma yake. Ofisi inayobadilisha simu kila inapokosa sauti hutumia fedha nyingi kutibu kiungo kisichoumwa.

Vitu vinavyohusika ni vinne. Cha kwanza ni simu yenyewe. Cha pili ni kisanduku kinachorusha na kupokea mawimbi yake. Katika mfumo mmoja mafundi hukiita besi, na katika mfumo mwingine ni kirushio cha Wi-Fi kama kile kinachohudumia kompyuta. Cha tatu ni mtambo wa simu, ambao maofisini unajulikana zaidi kwa herufi zake, PABX. Huu ndio unaojua kwamba 201 ni mapokezi na 204 ni masjala, na ndio unaoamua simu ipite wapi. Zamani ulikuwa sanduku zito lenye nyaya nyingi, lakini siku hizi unaweza kuwa programu ndani ya kompyuta ndogo. Asterisk, programu ya bure inayotumika sana duniani kwa kazi hiyo, ilianzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, na mitambo mingi inayouzwa kwa majina mengine imejengwa juu yake. Cha nne ni njia ya kutokea nje, yaani namba ambayo umma unaipiga, kama zile za mezani zinazoanza na 026 kwa Tabora au 028 kwa Kigoma.

Ukivitenganisha hivyo, swali la laini linajijibu. Simu ya 204 ikiipigia 201, mazungumzo hayatoki nje ya jengo. Hayahitaji laini, salio wala bando. Simu inayotoka nje hulipiwa kulingana na njia iliyopita. Kama ofisi inapata namba yake kwa kampuni ya simu kupitia intaneti, basi mazungumzo hutumia data, na hesabu yake inajulikana: sauti isiyobanwa, pamoja na vifungashio vyake, huchukua takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yaani megabaiti zisizopungua 78 kwa saa nzima ya mazungumzo. Ikibanwa kwa njia zinazokubalika hushuka hadi karibu theluthi moja ya hapo. Kwa hiyo anayesema simu hizi ni za bure amesema kweli kwa mazungumzo ya ndani, na amepotosha kwa yale ya nje.

Mifumo miwili inayofanana kwa sura

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba kuna aina mbili za simu hizi, na zikiwekwa mezani hazitofautiani kirahisi. Aina moja hutumia mfumo wa DECT, uliotungwa Ulaya mahususi kwa ajili ya simu zisizo na waya. Aina ya pili hutumia Wi-Fi ileile ya kompyuta.

Tofauti yao iko katika namna ya kugawana hewa. DECT ni kama behewa la treni ya Reli ya Kati lenye siti zilizoandikwa namba: kila mazungumzo yanapewa nafasi yake, na abiria mwingine hata akija na mizigo mingi kiasi gani hawezi kukaa juu yako. Mfumo huo hukata mawimbi yake katika mikondo 10, na kila mkondo katika nafasi 12 za mazungumzo, ukiwa kwenye masafa ya megahezi 1880 hadi 1900 ambayo kompyuta haziyatumii. Wi-Fi, kwa upande wake, ni basi lisilo na siti za namba: kila kifaa husubiri upenyo kisha huingia, na simu ya 204 hugombea mlango mmoja na kompyuta ya mtu anayepakua video.

Kutokana na hilo, kwa ofisi inayotaka simu kwa ajili ya kuongea tu, mimi ningechagua DECT bila kusita. Betri yake hudumu zaidi, besi moja hufika takriban mita 50 ndani ya jengo na hadi mita 300 penye uwazi, na fundi hana haja ya kupanga upya Wi-Fi yote. Simu za Wi-Fi zina mahali pake: hospitali au ghala kubwa ambalo tayari lina virushio vilivyopangwa vizuri kila kona, au pale simu inapotakiwa pia kupokea ujumbe na kusoma misimbo ya bidhaa. Kununua simu za Wi-Fi kwa sababu tu "Wi-Fi tunayo tayari" ni sababu dhaifu, kwa kuwa Wi-Fi inayotosha kufungua barua pepe huenda isitoshe kubeba sauti.

Hapa kuna tahadhari kwa wanaoletewa vifaa na ndugu walioko nje. Simu za DECT zinazouzwa Marekani hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, na masafa hayo yamo ndani ya yale yanayotumiwa na simu za mkononi za 3G kupeleka mawimbi mnarani. Simu hiyo ikiwashwa hapa inaweza kuvuruga mawasiliano ya jirani bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa vile vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Inaita, lakini haisikiki

Simu hizi zinapowashwa hujiandikisha kwanza kwa mtambo. Kila moja hujitambulisha kwa namba yake ya ndani na nywila, na mtambo huweka kumbukumbu kwamba 204 kwa sasa inapatikana kwenye anwani fulani ya mtandao. Kumbukumbu hiyo ina muda; muda ukiisha bila simu kujiandikisha upya, mtambo huiona kuwa haipo, na anayepiga huambiwa hapatikani ingawa simu iko mezani na taa yake inawaka. Kisa kimoja kinachojirudia maofisini ni cha mtumishi anayekuja na ruta yake ndogo kutoka nyumbani na kuichomeka kwenye tundu la ukutani ili apate Wi-Fi ya karibu. Ruta hiyo nayo huanza kugawa anwani, baadhi ya simu huchukua anwani zake badala ya zile za ofisi, na mchana wote mapokezi huhangaika kutafuta kwa nini nusu ya namba za ndani zimepotea.

Mtu anapopiga, mambo mawili tofauti hutokea. Kwanza kuna mazungumzo ya mitambo: nani anapiga, nani anaitwa, simu iite, imepokelewa, imekatwa. Kanuni zinazoongoza sehemu hiyo huitwa SIP, na toleo linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 2002. Pili kuna sauti yenyewe, ambayo husafiri kwa njia nyingine kabisa, ikiwa imekatwa vipande vidogo. Kuita kwa simu kunathibitisha kwamba sehemu ya kwanza inafanya kazi, wala hakuthibitishi lolote kuhusu ya pili.

Kosa hutokea pale njia ya sauti inapopewa anwani isiyo sahihi. Ndani ya ofisi vifaa hutumia anwani za ndani, kwa mfano 192.168.1.25, ambazo zinarudiwa katika maelfu ya ofisi nyingine duniani na hazina maana yoyote nje ya jengo. Simu au mtambo usiopangwa vizuri humwandikia mtu wa nje: nitumie sauti kwenye 192.168.1.25. Mtambo wa upande wa pili hutii na kuituma sauti huko, nayo hupotea. Matokeo yake ni kwamba mteja wa Dar es Salaam anamsikia karani wa Tabora vizuri kabisa, lakini karani anasema "halo, halo" na hasikii jibu.

Dawa yake haihusiani na simu ya mkononi mwa karani. Mtambo unapaswa kuelezwa anwani ya nje ya ofisi ili uiandike hiyo, na ruta inapaswa kuruhusu sauti inayorudi ipite. Ruta nyingi pia huja na kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichowekwa kwa nia njema ya kusahihisha anwani hizo, lakini mara nyingi huzisahihisha vibaya. Fundi mzoefu hukizima kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ofisi inayopata intaneti kwa ruta ya laini ya simu ina ugumu zaidi, kwa sababu mara nyingi kampuni huwapa wateja wengi anwani moja ya nje ya kushirikiana, na kwa hiyo inafaa kuuliza mapema kama anwani ya pekee inapatikana.

Kuna kipimo rahisi ambacho hata asiye fundi anaweza kukifanya. 201 ipigie 204. Kama zinasikilizana pande zote mbili, na shida inatokea kwa simu za nje tu, basi simu na besi ni nzima, na kosa liko kwenye njia ya kutokea. Kama hata 201 na 204 hazisikilizani, ndipo ukague mtandao wa ndani.

Sauti inayokatika-katika

Kukatika-katika kwa sauti ni ugonjwa mwingine. Sauti kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20, na hivyo kila sekunde simu hutuma pakiti 50. Faili linalopakuliwa halijali pakiti moja ikichelewa, kwa kuwa linaweza kusubiri, sikio haliwezi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine, na ikizidi sana hapo watu huanza kudakiana maneno.

Kwa hiyo mtandao wa ofisi unapaswa kufundishwa kuitanguliza sauti. Fundi huziwekea simu mtandao wake wa pekee ndani ya nyaya zilezile, kisha huziagiza swichi na ruta kwamba pakiti zenye alama ya sauti zipite kwanza. Wengi hulipuuza jambo hili kwa kuwa siku ya kufunga simu ofisi huwa na watu wachache na kila kitu husikika safi. Mwisho wa mwezi, idara zote zinapopandisha taarifa zake kwa pamoja, ndipo sauti huanza kukwama, na lawama huenda kwa simu. Ni vyema pia kujua mpaka wa dawa hii: utanguliaji huo una nguvu ndani ya ofisi, lakini pakiti zikishatoka kwenda intaneti, kampuni ya huduma si lazima iuheshimu.

Kwa simu za Wi-Fi kuna sababu ya pili, ambayo ni mahali pa kurushia mawimbi. Majengo ya zamani ya mji wetu, hasa yale ya enzi ya Mjerumani, yana kuta nene kupita kiasi, na mawimbi ya gigahezi 5 hasa huchoka haraka yakipita humo. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, lakini yana mikondo mitatu tu isiyoingiliana, 1, 6 na 11, ambayo kila ofisi ya jirani inaitumia pia. Nimeona kirushio kilichowekwa juu ya kabati la chuma la mafaili, nyuma ya lundo la boksi za karatasi, na watu wa chumba cha pili wakilalamikia simu; kabati lile peke yake lilikuwa linazuia mawimbi kuelekea upande wao.

Vile vistari vya mawimbi kwenye kioo cha simu navyo hudanganya. Vinaonyesha jinsi simu inavyokisikia kirushio, wala havionyeshi jinsi kirushio kinavyoisikia simu. Kirushio kilichoongezwa nguvu hadi mwisho hufika mbali, simu ikajaa vistari, ilhali sauti dhaifu ya simu yenyewe hairudi. Ni afadhali virushio vingi vyenye nguvu ya wastani kuliko kimoja kinachopiga kelele. Mafundi hupima nguvu ya mawimbi kwa dBm, ambapo namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu, na hutafuta kiwango kisichopungua dBm -67 kila mahali simu itakapotumika. Namba hiyo ikielekea -80, mazungumzo hayatadumu.

Njia bora ya kupima ni kutembea. Mtu mmoja akae mapokezi, mwingine ashike simu na kuanza kuhesabu kwa sauti kuanzia moja huku akipita korido, masjala, stoo, hadi kwa mlinzi getini. Aliyekaa anaandika kila namba aliyoikosa na mahali mwenzake alipokuwa. Kipimo hicho kifanyike saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa. Jioni, watu wakishaondoka, hata mpango mbovu huonekana mzuri.

Umeme, radi na wezi wa usiku

Simu ya mezani ya zamani ilipokea umeme wake kupitia waya uleule wa simu, kutoka kituo cha kampuni, kiasi cha volti 48, na ndiyo sababu iliendelea kuita hata taa zikizimika mtaa mzima. Simu hizi mpya hazina msaada huo. Betri ya simu inaweza kuwa imejaa, lakini besi, swichi, ruta au mtambo ukizimika, simu hiyo haina kazi. Vifaa hivyo kwa ofisi ndogo huweza kula wati 50 kwa jumla, na UPS ndogo, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina uwezo wa wati-saa 84 tu kwenye karatasi, hivyo tarajia saa moja hivi betri ikiwa mpya. Kosa la kawaida ni kuiwekea UPS kompyuta ya mhasibu na kuisahau swichi iliyoko darini. Swichi ya kisasa inaweza kupeleka umeme kwa besi na virushio kupitia waya wa mtandao, na hapo UPS moja penye swichi hutosha. Bado, ofisi iwe na walau simu moja ya kawaida yenye chaji kwa ajili ya kupiga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto.

Masika ya Tabora huja na radi. Waya wa shaba unaopita nje kutoka jengo moja hadi lingine huialika ndani, na radi moja ya karibu inaweza kuunguza swichi pamoja na kila kilichounganishwa nayo. Kati ya majengo, tumia faiba, ambayo haipitishi umeme, na hakikisha waya wa athi upo kweli badala ya kuonekana tu kwenye mchoro.

Kuhusu mionzi, hofu ni kubwa kuliko kiasi chenyewe. Simu ya DECT ikiwa katika mazungumzo hurusha wastani wa takriban miliwati 10, wakati simu ya mkononi ya GSM inaweza kufika wati 2 kwa kilele inapokuwa mbali na mnara. Mawimbi ya aina zote hizi hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyodhaniwa huenda vikasababisha saratani bila ushahidi wa kutosha. Anayeishika simu ya mkononi kutwa nzima hana sababu ya kuiogopa ya ofisini.

Hatari halisi ni ya mfukoni. Mtambo wa simu ulioachwa wazi kwenye intaneti hutafutwa na wahalifu kutoka popote duniani. Wakikuta namba 204 ina nywila 204, hupiga simu za nje ya nchi usiku kucha, na bili huja kwa ofisi. Nywila ziwe ndefu na tofauti kwa kila simu, mlango wa mtambo usifunguliwe kwa dunia nzima, na simu za kimataifa zifungwe kwa namba zote isipokuwa zinazozihitaji. Hapo pia ndipo lilipo jibu la mhasibu wa Ipuli: simu ya DECT haitafanya kazi nyumbani kwake kwa kuwa besi imebaki ofisini, ya Wi-Fi inaweza kufanya kazi, lakini ipitishwe kwenye njia iliyofungwa kwa usimbaji, yaani kufichwa kwa maandishi ya siri ambayo mtu mwingine hawezi kuyasoma, kwa sababu kuufungua mtambo ili yeye apate huwafungulia na wengine wote.

Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha yake, ofisi ipokee kwa maandishi orodha ya namba za ndani na simu zilizopewa, nywila ya mtambo, ya ruta na ya swichi, mchoro wa nyaya zinakopita, na nakala ya mipangilio ya mtambo iliyohifadhiwa nje ya mtambo wenyewe. Fundi akihamia Mwanza na nywila zikiwa kichwani mwake, kubadilisha hata jina la namba moja huenda kukahitaji kufuta kila kitu na kuanza upya.